Kuvua kwa fimbo kutoka ufukweni: anza na maji kupwa, ndoana baadaye

Mvuvi mgeni wa ufukweni hufika na fimbo mpya, hutupa chambo mbali kadiri mkono unavyomruhusu, kisha hukaa kungoja. Mara nyingi chambo chake kimeruka juu ya vichwa vya samaki. Samaki wengi wa kando ya bahari hula kwenye maji ya magotini hadi kifuani, penye povu, kwa sababu hapo ndipo wimbi linapofukua kaa wadogo, minyoo na viumbe wenye maganda waliojizika mchangani. Anayejua mfereji ulipo akatupa mita 30 humshinda anayetupa mita 100 kwa kubahatisha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya mkono, ni ya miguu na macho. Mwongozo huu umepangwa kwa wiki sita. Katika muda huo unatembea, unajenga bega na kiuno, unajifunza fundo moja, na unaijua pwani moja vizuri. Ndoana inaingia majini mwishoni.

Safari ya kwanza: usibebe fimbo

Chagua siku ya bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa sana na kupwa sana, hivyo bahari hukuonyesha sakafu yake kuliko siku nyingine yoyote. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo na huoni kitu.

Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Toka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji yakijaa saa 4:00 asubuhi leo, kesho tarajia karibu saa 4:50. Tafuta jedwali la maji la bandari iliyo karibu nawe na ufike saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, ili utembee ukiyafuata yanavyorudi, si yakikufuata wewe.

Hapa kuna hesabu ambayo kila anayesimama kwenye fungu la mchanga anapaswa kuwa nayo kichwani. Gawa tofauti ya kujaa na kupwa kwa sehemu 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme tofauti ya leo ni mita 3. Saa ya kwanza bahari inapanda sentimita 25 tu, unajiona una muda. Saa ya tatu na ya nne inapanda mita 1.5. Mfereji uliouvuka kwa magoti unakuwa umekupita kifua, na wewe bado uko upande wa bahari. Watu wengi huzingirwa hivyo, bahari ikiwa tulivu kabisa.

Unapotembea, tafuta vitu vinne:

1. Mfereji unaokwenda sambamba na ufuko, kati ya nchi kavu na fungu la mchanga. Hii ndiyo njia kuu ya samaki maji yakijaa.
2. Mkato kwenye fungu, pale maji yanapotokea kurudi baharini. Kingo zake, kushoto na kulia, ni mahali pa kutega.
3. Kila kinachovunja usawa: jiwe moja, ukingo wa majani ya bahari, shimo lililochimbwa na mkondo nyuma ya mwamba.
4. Chakula chenyewe. Matundu ya kaa, vilima vidogo vya minyoo, maganda mapya. Ufuko usio na tundu hata moja ni mzuri kwa picha tu.

Hesabu hatua kutoka alama ya kudumu ya nchi kavu, tuseme mti mkubwa, hadi ukingo wa mfereji. Kisha fanya walivyofanya wavuvi tangu zamani: simama hapo na uangalie nchi kavu, utafute vitu viwili vinavyolingana, kimoja mbele ya kingine, kama mnara nyuma ya pembe ya paa. Maji yakijaa na kila kitu kikawa bluu tupu, alama hizo mbili zitakurudisha mahali pale pale. Piga picha, lakini andika pia. Picha haikuambii kina.

Rudi siku nyingine maji yakiwa yamejaa nusu na ulinganishe. Wimbi linavunjika juu ya fungu, kwa hiyo pale ambapo mstari wa povu una pengo, maji yana kina. Hapo kwenye pengo utaona maji ya rangi nzito, uso umetulia au una viwimbi vidogo visivyo na mpangilio, na mapovu yanaelekea baharini. Huo ni mkondo wa kurudi. Unabeba chakula, na samaki husubiri kandokando yake. Pia ndio unaoua waogeleaji, na mgeni hudhani ni mahali salama kwa sababu hapana mawimbi. Utupie chambo ukiwa umesimama mchanga mkavu. Ukichukuliwa nao, usishindane nao kurudi ufukweni moja kwa moja. Elea, inua mkono kuomba msaada, na kama una nguvu ogelea sambamba na ufuko hadi utoke, ndipo uelekee nchi kavu.

Mwili: wiki sita, siku nne kwa wiki

Kutembea juu ya mchanga laini hutumia nguvu zaidi ya mara mbili ya kutembea kwenye ardhi ngumu kwa mwendo ule ule. Mguu unazama, mchanga unakimbia chini ya unyayo, na misuli ya shavu la mguu na ya kifundo inafanya kazi ambayo barabara haiidai. Ndiyo maana mtu anayekimbia kilomita 5 mjini hurudi kutoka ufukweni akichechemea. Ukano wa kisigino ndio unaolalamika kwanza.

Siku mbili kwa wiki ni za kutembea. Wiki ya kwanza na ya pili: dakika 30, karibu zote kwenye mchanga mbichi mgumu, na dakika 5 tu kwenye mchanga laini. Wiki ya tatu na ya nne: dakika 40, kati yake 15 laini. Wiki ya tano na ya sita: dakika 50 ukiwa na begi la kilo 5 mgongoni, nusu kwa nusu. Pwani imeinama kuelekea majini, kwa hiyo mguu mmoja daima uko chini kuliko mwingine. Rudi kwa njia ile ile uliyoendea ili nyonga zigawane mzigo. Ukitembea kwenda upande mmoja tu kisha ukapanda gari kurudi, nyonga ya juu itakudai kesho yake. Miguu mitupu ni vizuri kwa dakika 10 za kwanza, baada ya hapo vaa viatu hadi nyayo zizoee.

Siku nyingine mbili ni za nguvu. Hazihitaji ukumbi, zinahitaji mpira wa mazoezi wa kuvuta na kitu kizito cha kilo 2 au 3, hata chupa ya maji:

- Kuchuchumaa na kuinuka, seti 3 za mara 12. Kutupa huanzia miguuni.
- Pushapu, seti 3, ukiacha mbili kabla hujachoka kabisa.
- Kuvuta mpira kuelekea mbavuni kama anayepiga kasia, seti 3 za mara 15.
- Kiwiko kimebana ubavuni kwa pembe ya mraba, vuta mpira kwa kuzungusha mkono kwenda nje, seti 3 za mara 15 kila upande. Zoezi hili linaonekana la kitoto. Ndilo linalolinda misuli midogo inayoshika kiungo cha bega, na anayeliruka ndiye atakayeacha kuvua miezi mitatu baadaye.
- Kulala ubavu ukijiegemeza kwa kiwiko, mwili umenyooka, sekunde 20 hadi 30 kila upande, mara 3.
- Umesimama miguu wazi, shika kile kizito kwa mikono miwili, zungusha kiwiliwili kutoka nyonga ya kulia hadi juu ya bega la kushoto, mara 8, kisha geuza upande. Seti 3.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, pamoja na siku mbili au zaidi za kujenga misuli. Ratiba hii, ukiongeza kuvua kwenyewe, inakusogeza karibu na hapo. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Maumivu mawili yajue mapema. Mbele ya bega: unatupa kwa mkono mtupu huku nyonga imelala. Upande wa ndani wa kiwiko: unakaba mpini wa fimbo kama unayeogopa kunyang'anywa. Yote mawili ni makosa ya namna ya kutupa, na dawa ya kupaka haitayaondoa.

Zana, na kwa nini ni hizo

Fimbo ya mita 3.6 yenye uwezo wa kutupa gramu 100 hadi 150 inatosha. Utashawishiwa ununue ya mita 4.2. Ni nzuri kwa aliyekwisha kujua. Mgeni hawezi kuikunja, na fimbo isiyokunjika hairushi kitu. Mtu mfupi achukue ya mita 3.3 bila aibu.

Rili, yaani kifaa cha kukunjia mshipi, iwe ya bobini isiyozunguka, ukubwa wa 6000 hadi 8000, inayobeba walau mita 250 za mshipi wa nailoni wa milimita 0.35, ambao huvumilia karibu kilo 7. Jaza bobini hadi libaki pengo la milimita 2 kutoka ukingoni. Ukijaza kupita hapo, mizunguko inatoka kwa mafungu na kufanya kiota cha ndege. Ukijaza kidogo, mshipi unasugua ukingo na unapoteza umbali. Uvute ukipita ndani ya kitambaa kibichi ulichokibana kwa vidole, ili ukae kwa kukaza. Mshipi wa kusukwa ni mwembamba na unafika mbali, lakini hukata vidole na hauvumilii mwamba. Anza na nailoni.

Sasa jambo ambalo si la hiari: mshipi mzito wa mbele, unaoungwa mwishoni mwa mshipi mkuu. Unapotupa chubwi, yaani kizito cha kuzamisha chambo, la gramu 112, mzigo unaoupata mshipi kwa sehemu ya sekunde ni mkubwa mara nyingi kuliko uzito wa chubwi lenyewe. Nailoni ya kilo 7 itakatika, na chubwi lililokatika huruka zaidi ya mita 100 kama jiwe la teo. Kanuni ya wavuvi ni kilo 4.5 za uimara kwa kila gramu 28 za chubwi. Gramu 112 ni mara nne, kwa hiyo kilo 18, nailoni ya takriban milimita 0.6. Urefu wake ni mara mbili ya fimbo na mizunguko sita kwenye bobini, yaani mita 8 hadi 9. Usisahau kwamba kila kilichopo kati ya mshipi huo na chubwi, pete na mafundo yote, hubeba mzigo ule ule wakati wa kutupa. Pete moja dhaifu inaifuta hesabu yote.

Breki ya rili iweke robo ya uimara wa mshipi wako. Kwa kilo 7 ni kama kilo 1.7. Funga mshipi kwenye mizani ya mkono, vuta taratibu, kaza au legeza hadi uanze kutoka hapo. Kukisia kwa vidole hudanganya.

Fundo moja, ulijue gizani

Kuna mafundo mengi. Jifunze hili moja, linafunga ndoana, pete, na pia linaunganisha mishipi miwili:

1. Pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la ndoana, irudishe sambamba na mshipi wenyewe kama sentimita 15.
2. Ikunje ncha irudi kuelekea ndoana, ifanye kitanzi kilicholala juu ya nyuzi mbili zilizo sambamba.
3. Zungusha ncha kuzifunga nyuzi zote mbili, ukipita ndani ya kitanzi, mara 5. Kwa mshipi mnene mara 3 au 4.
4. Lowesha kwa mate. Vuta ncha hadi mizunguko ijipange bila kupandana.
5. Vuta mshipi mkuu, fundo liteleze hadi kwenye tundu. Kaza. Kata ncha ubakishe milimita 3.

Kuunganisha mshipi mkuu na ule mzito, zilaze nyuzi mbili zipishane sentimita 25, funga fundo hilo kwa kila ncha kuuzunguka mshipi wa mwenzake, mizunguko 6 kwa mwembamba na 3 kwa mnene, kisha vuta mishipi mikuu hadi mafundo yakutane.

Kulowesha si mila. Nailoni kavu ikisuguana hupata joto na kudhoofika pale pale. Na fundo likikukatikia, usitupe ncha iliyobaki, isome kama barua. Ncha iliyojikunja kama mkia wa nguruwe: fundo liliteleza, mizunguko haikutosha au hukukaza. Ncha yenye manyoya na mikwaruzo: mwamba au ganda la chaza. Iliyokatwa safi: meno. Iliyonyooka na kuwa nyembamba kuliko mshipi: ulivuta kupita kiasi, breki ilikaza mno. Anayesoma ncha hurekebisha kosa moja. Asiyesoma hununua mshipi mpya na kurudia kosa.

Lifunge mara 50 nyumbani katika wiki hizi sita, kumi za mwisho taa ikiwa imezimwa. Siku mikono inapotetemeka kwa baridi na samaki wanakula, hutakuwa na muda wa kukumbuka picha.

Kutega

Kata mshipi wa milimita 0.6 au 0.7, urefu wa mita moja. Juu funga pete inayozunguka, ya kuungia mshipi mzito wa mbele, chini funga kibano cha chubwi. Sentimita 40 juu ya chubwi tokeza tawi la sentimita 25 la mshipi wa milimita 0.40, lenye ndoana moja. Tawi likiwa refu kuliko umbali wake hadi kwenye chubwi, ndoana itajifunga kwenye chubwi kila unapotupa. Ndoana mbili si mara mbili ya samaki, ni mara mbili ya mikwamo, kwa sasa baki na moja.

Chubwi la umbo la piramidi hushika mchanga. La mviringo huviringika, na wakati mwingine hilo ndilo unalolitaka, maana chambo kinachotembea polepole hukagua mfereji mzima. Mkondo ukiwa mkali tumia lenye miguu ya waya.

Ndoana ya mviringo, ile ambayo ncha yake imeinama kurudi kwenye shina, ukubwa wa 1 hadi 2/0, humshika samaki kwenye pembe ya mdomo, hivyo ukitaka kumrudisha hai anarudi. Mkanda wa ngisi wa sentimita 7 kwa 1 unafaa kwa karibu kila kitu. Utoboe mara mbili, ufunge kwa uzi mwembamba wa mpira, na hakikisha ncha iko wazi. Chambo kilichoziba nafasi kati ya ncha na shina ndicho chanzo cha malalamiko ya "wanadonoa lakini hawanasi".

Kutupa

Mazoezi ya kwanza ni uwanja mtupu, chubwi bila ndoana, mara 30 kwa siku na usizidishe. Baada ya hapo mwili unajifunza makosa.

Maelezo ni ya anayetumia mkono wa kulia. Angalia nyuma na pande zote mbili, kila mara, hata kama uliangalia dakika iliyopita. Chubwi lining'inie mita moja kutoka ncha ya fimbo. Geuza bobini ili fundo la kuunganisha likae upande wa chini, mbali na kidole, la sivyo litakuchana wakati wa kutoka. Fungua waya wa rili, ule unaokunja mshipi kwenye bobini, shika mshipi kwa kidole cha shahada kilichovikwa kinga.

Mguu wa kushoto uelekee unakotupa, uzito uko mguu wa kulia. Mkono wa kulia uko kwenye rili, wa kushoto chini kabisa ya mpini. Fimbo iko nyuma, macho yanatazama juu, kama nusu ya njia kati ya upeo wa bahari na utosi. Anza kwa kuhamisha uzito kwenda mguu wa kushoto. Nyonga igeuke kwanza, kifua kifuate, mikono iwe ya mwisho. Mkono wa kulia unasukuma juu na mbele. Wa kushoto unavuta mpini kwa nguvu kuja kifuani. Huo mvuto wa kushoto ndio unaokunja fimbo, na ndio wageni wengi hawaufanyi kabisa. Achia mshipi fimbo ikiwa imeinamia mbele kidogo, huku ukiielekeza ncha kule chubwi linakokwenda.

Likienda juu sana na kuanguka karibu, umeachia mapema. Likipiga maji mbele ya miguu yako, umechelewa. Likienda kushoto, mkono wa kulia umevuka kifua. Ukisikia mlio kama wa bunduki, mshipi umekatika: waya wa rili ulijifunga wenyewe, au mshipi ulijizungusha kwenye ncha ya fimbo. Tumia asilimia 60 hadi 70 ya nguvu zako. Mwendo laini wa nguvu kidogo hufika mbali kuliko kishindo, na bega linabaki lako.

Chubwi likigusa maji funga waya kwa mkono, si kwa kuzungusha mpini, kisha vuta mshipi ukaze. Kitanzi kilicholegea kwenye bobini kitakungoja mtupo unaofuata.

Kungoja kwa utaratibu

Panga saa ya kuondoka kabla hujafika, kwa kuangalia maji, na uiheshimu hata kama ndiyo kwanza wameanza kula. Muda mzuri wa kuanzia ni saa mbili za mwisho kabla ya kujaa na saa moja baadaye.

Fimbo ikae kwenye bomba lililochimbiwa mchangani sentimita 30, mshipi umekaza. Kila dakika 20 vuta uangalie chambo. Kimeliwa? Baki hapo hapo. Kimerudi mara mbili kizima? Usibadilishe chambo, badilisha umbali: tupa mita 15 karibu zaidi. Bado? Hama hatua 50. Anayehama kila dakika tano hajui alichokijaribu, na anayekaa saa nne mahali pamoja anajiita mvumilivu bure. Uvumilivu una hesabu.

Weka malengo yaliyo mikononi mwako: mitupo 12 safi, mafundo yote bila kuteleza, kuangalia nyuma kila mara, simu ndani ya begi. Kilo za samaki usiziandike kama lengo, maana hizo anaamua mwingine. Mtu anayepima siku kwa kilo hukata tamaa wiki ya tatu, wakati kutupa kwake kumekuwa bora mara mbili na hajaona.

Kudonoa kwa haraka haraka ni samaki wadogo. Ncha ya fimbo ikiinama polepole na kubaki hapo, ni mzito. Mshipi ukilegea ghafla, amelibeba chubwi anakuja kwako, zungusha upesi. Kwa ndoana ya mviringo usiikwanyue fimbo, utamtoa mdomoni. Zungusha tu rili kwa mwendo mmoja hadi uzito uje wenyewe.

Samaki wengi hupotea mita tano za mwisho. Wimbi linaporudi baharini linambeba, na mvuvi kwa hofu anavuta. Fanya kinyume: wimbi likirudi, simama na umwachie breki, wimbi likija, rudi nyuma kwa miguu umlete nalo, hadi akae mchangani. Hapa ndipo ule mchanga laini wa wiki sita unapolipa.

Mshike kwa mikono iliyoloweshwa. Fahamu sheria za eneo lako kuhusu leseni, ukubwa na maeneo yaliyofungwa. Bunju, yule anayejivimbisha, haliwi. Sumu yake haitoki kwa kupikwa. Samaki wa kula atolewe damu mara moja na aingie kwenye barafu hapo hapo, si jioni.

Yatakayokupata

Kuchomwa na mwiba wa taa au wa samaki mwingine wenye sumu: tumbukiza mahali hapo kwenye maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi, dakika 30 hadi 90, na uende hospitali. Pima joto kwa mkono usiochomwa, ule uliochomwa hauhisi sawasawa. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usiung'oe.

Ndoana iliyoingia kidoleni hadi kijino, kile kichomozo kinachoizuia kutoka: kama ncha iko karibu kutoka upande wa pili, isukume itokeze, kata kijino kwa koleo, irudishe ilikoingilia. Karibu na jicho, kiungo au mshipa wa damu usiguse, nenda kwa daktari. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda ni hai.

Kwenye miamba, kaa uangalie mawimbi dakika 30 kabla ya kupanda. Mawimbi makubwa huja kwa makundi na nafasi ndefu katikati. Jiwe lililolowa leo limefikiwa leo. Vaa jaketi la kuokolea, na usiipe bahari mgongo. Jua nalo: kofia pana, mikono mirefu, losheni ya SPF 30 au zaidi kila baada ya saa mbili, lita 2 za maji kwa saa nne.

Ukirudi

Kaza breki ya rili kabisa kabla ya kuiosha, ili maji yasipenye kwenye visahani vyake. Nyunyizia maji baridi yasiyo ya chumvi kwa upole. Maji ya kasi husukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Futa, kisha legeza breki yote, visahani visishikane. Pete za fimbo zipitishie kipande cha pamba: kikinasa uzi, pete ina ufa, na ufa huo ndio utakaokata mshipi wako wiki ijayo. Kata mita mbili za mwisho za mshipi uzitupe kwenye pipa, si mchangani.

Halafu andika, kabla hujaoga: tarehe, umri wa mwezi, saa ya kujaa, upepo ulitoka wapi, alama mbili ulizosimama nazo, hatua ngapi, chambo kilirudije, ncha iliyokatika ilikuwa na sura gani. Siku uliyorudi mikono mitupu iandike kwa urefu zaidi, maana ya samaki wengi utaikumbuka tu.